Kiherehere, Fidhuli na Mwenye Fadhila

Katika miji ya Thika na Ruiru, na katika vitongoji vilivyojipanga baina yake kandokando ya ile barabara kuu, kuna neno moja ambalo ni taabu mtu kuipitisha siku nzima asilisikie, iwe matatuni, iwe sokoni, iwe kwenye mfereji wa maji wa ploti yenye vyumba vya kupangisha; nalo ni kiherehere. Abiria akimkumbusha kondakta chenji ya bibi kizee aliyeketi kando yake, huambiwa awache kiherehere. Jirani akiuliza kwa nini mtoto wa chumba cha pili hajaonekana shuleni juma zima, huambiwa vivyo hivyo. Na mke akitaka kujua kwa nini wageni wanalipima shamba kwa kamba naye hakuambiwa neno, yeye pia ana kiherehere. Ni neno jepesi kulitamka, lakini aliyetupiwa mbele za watu hunyamaza, na aghalabu hunyamaza kwa siku zote zijazo. Nia yangu leo ni kulizungumza neno hili pamoja na jamaa zake, kwa sababu nimeona limezoea kukaa mahali pasipo pake, na kwa kukaa huko limewafumba vinywa watu ambao tungali tunawahitaji waseme.

Kwa asili yake kiherehere ni hali ya moyo. Moyo unapodunda kwa wasiwasi, kwa hofu ama kwa hamu ya jambo linalokuja, mtu asikae akatulia wala asisimame akatulia, watu wa pwani husema ana kiherehere cha moyo, wala hapana aibu yoyote ndani ya usemi huo. Kutoka moyoni neno likateremka viungoni, likawa jina la ile pupa ya kulikimbilia jambo kabla ya kuitwa. Na hapo ndipo lilipokutana na kimbelembele, ambalo maana yake iko wazi kwa umbo lake lenyewe, yaani hali ya mtu ajitiaye mbele pasipo kusukumwa na yeyote. Maneno haya mawili hayamtuhumu mtu kwa ubaya wa nia. Yanamtuhumu kwa haraka yake tu, na haraka si khiana.

Ndiyo maana si haki kumchanganya mwenye kiherehere na wale wengine ambao lugha yetu imewapa kila mmoja jina lake. Mdukizi ni yule asimamaye nyuma ya ukuta akatega sikio. Mdaku huitafuta habari isiyomhusu, mmbea huichukua akaifikisha kwa wasiohusika nayo, na mfitini huikata na kuishona upya ili ndugu wawili wasisemezane tena. Watu wa Thika na Ruiru, ambao wengi wao Kiswahili chao kimekulia ubavuni mwa Kikuyu, wamelitwaa kutoka lugha hiyo neno mushene wakaliingiza katika mazungumzo ya kila siku, nalo linatosha kwa maana ya udaku na umbea pamoja. Hao wote kazi yao ni ya sikio na ulimi. Mwenye kiherehere yeye hutumia mkono: hufanya, huamua, hushika, hufungua, hujibu kwa niaba ya aliyekuwapo na mwenye kinywa chake.

Sasa liko neno jingine, la zamani na la heshima katika vitabu vyetu, ambalo vijana wa leo wanalifahamu kwa nusu ya maana yake. Nalo ni fidhuli, ama fedhuli kama wengine watamkavyo. Sisi tunapomwita mtu fidhuli tunakusudia mwenye kiburi na jeuri, asiyechunga adabu mbele ya wakubwa wala wadogo. Lakini katika Kiarabu, ambako tumelipata, fudhuli ni mtu ajishughulishaye na yasiyomhusu. Na asili ya neno ni ile ile iliyotupa fadhila na fadhili, afadhali na tafadhali, ambayo maana yake ya kwanza ni ziada, kitu kilichobaki baada ya haja kutimia. Mwenye ziada ya mali akimpa asiye nayo, amefanya fadhila. Na mwenye ziada ya shughuli akaimimina juu ya mambo ya watu pasipo kuombwa, amekuwa fidhuli. Maneno haya ni watoto wa mama mmoja, na mimi naliona jambo hili kuwa na ilimu kubwa ndani yake, kwa kuwa latwambia kwamba mwingiliaji na mfadhili hutoka mahali pamoja, wote wawili wakiwa na kitu kilichozidi, nao hutengana baadaye, pale wanapoufikia mlango wa mwenziwao na kuamua kama watabisha hodi.

Wanazuoni wa fiqhi walilichukua jina hili wakalitia katika milango ya biashara. Fudhuli katika istilahi yao ni mtu afanyaye mkataba juu ya mali ya mwingine hali si wakili wake, wala si walii wake, wala hakupewa idhini. Wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi na ya Maliki wakasema mauzo yake husimama yakingoja kauli ya mwenye mali, akiridhia yatapita na akikataa yataanguka. Na kauli iliyo mashuhuri katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani yetu, ni kwamba mauzo hayo ni batili tangu mwanzo. Na wale waliokuwa wapole kidogo walikuwa na hoja nzuri mikononi mwao, nayo ni habari ya Urwa wa Bariq, iliyopokewa na Imam Bukhari. Mtume alimpa Urwa dinari moja akamnunulie kondoo. Urwa akaenda akapata kondoo wawili kwa dinari ile, akamwuza mmoja kwa dinari, akarudi na kondoo mkononi na dinari mfukoni, naye Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Urwa alivuka mpaka wa alichotumwa, hilo halina shaka. Lakini alirejea na vyote akaviweka mbele ya mwenyewe, akaeleza alivyofanya, na neno la mwisho likabaki pale lilipopaswa kubaki.

Mtaniuliza, haya ya dinari na kondoo yana uhusiano gani na Ruiru? Yana uhusiano wa karibu sana. Mwaka 2009 watu waliohesabiwa katika mji wa Ruiru walikuwa 238,858, na ilipofika sensa ya 2019 walikuwa 490,120. Kati ya hesabu hizo mbili ilifunguliwa barabara kuu ya Thika, mwezi wa Novemba mwaka 2012, na mashamba ya kahawa ambayo kwa miaka mingi yaliufanya mji huu ujulikane hata na watafiti wa zao hilo, ambao ndio waliotoa ile mbegu iitwayo Ruiru 11 katika miaka ya 1980, yakawa yanang'olewa shamba baada ya shamba na kukatwa vipande vya futi hamsini kwa mia. Ardhi ilipopanda bei, akina fudhuli wakaongezeka. Tembea leo katika njia za vumbi za vitongoji vile, utaona juu ya kuta na mabati ya uzio maandishi makubwa ya rangi nyekundu yanayotangaza kwamba ploti ile haiuzwi, na mara nyingine chini yake imeandikwa namba ya simu. Mgeni anaweza kustaajabu kwa nini mtu agharimie rangi kutangaza kuwa hauzi kitu. Mwenyeji hastaajabu, anajua kwamba wapo watu wawezao kuiuza ploti ya mtu hali mwenyewe yuko kazini Mombasa ama ughaibuni, wakamwonyesha mnunuzi mipaka, wakapokea arubuni, wakatoweka.

Na hapa ndipo neno kiherehere linapofanya madhara niliyoyataja. Mnunuzi mwenye busara hawezi kutosheka na karatasi pekee. Ataipeleka namba ya hati katika afisi ya ardhi ikapekuliwe, sawa; lakini pia atakwenda mwenyewe pale penye ploti, awaulize majirani ni ya nani, imelimwa na nani miaka iliyopita, je, pana ugomvi juu yake. Jirani yule anajua. Pengine amemwona mwenye ploti akipanda ile mibuni ya mpakani kwa mikono yake, na anamfahamu kwa jina la baba yake. Lakini jana dalali amekwisha kumwambia kwa ukali, mbele ya vijana wa bodaboda, kwamba hili halimhusu na kwamba awache kiherehere. Basi mgeni anapomwuliza yeye hutazama chini, husema hajui, naye mgeni hutoa akiba ya maisha yake. Wasikilizaji wangu, katika habari hii ni nani fidhuli? Ni yule aliyeuza kisichokuwa chake. Naye ndiye aliyelishika neno akampiga nalo mwenziwe.

Ningependa tukae kidogo katika ploti za kupangisha, maana huko ndiko mambo haya yanakopimwa kila siku. Fikirini vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, mfereji mmoja, na kamba za nguo zilizofungwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Wenye vyumba wametoka kila upande wa nchi, huyu wa Machakos, yule wa Kisii, wa tatu wa Murang'a, na kila alfajiri wengi wao huondoka kwenda viwandani Thika ama Nairobi. Mvua inaanguka ghafula saa tisa mchana. Mama aliyebaki nyumbani anatoka mbio, anazianua nguo zake, kisha anazianua na za jirani aliyeko kazini, anazikunja, anazitia katika beseni na kuziweka chini ya upenu wa mlango wa mwenyewe. Hakuomba idhini, wala hakuna atakayethubutu kusema amekosea, kwa kuwa idhini ile ilikwisha patikana katika desturi ya ujirani. Lakini mama huyo huyo, akizianua zile nguo, akaziingiza chumbani mwake, na jioni jirani aliporudi akampa huku akimwuliza shati la kiume lililokuwamo ni la nani, hapo ameondoka katika fadhila. Mikono ni ile ile na nguo ni zile zile; alichoongeza ni kujipa amri juu ya maisha ya mwenye nguo.

Kipimo changu basi ni hicho, wala sikioni kuwa kigumu: mwingiliaji wa kulaumiwa ni yule anayemnyang'anya mwenye jambo haki yake ya kukata shauri. Dada anayewajibu wachumba wa mdogo wake, shemeji anayechagua shule ya watoto wasio wake kisha akaudhika asiposikizwa, mzee wa kamati ya mazishi anayetangaza mchango wa kila nyumba bila kuwauliza wenye nyumba, hao wote wanastahili kuambiwa, kwa heshima ya umri wao, kwamba pilipili wasiyoila yawawashiani. Katika Arubaini za Imam Nawawi, hadithi ya 12 inafundisha kwamba kuyaacha yasiyomhusu mtu ni katika uzuri wa Uislamu wake. Na ndugu zetu Wakristo, ambao ndio wengi huko Thika na Ruiru, wanajua kwamba waraka wa kwanza wa Petro, katika sura ya 4, unamtaja mwingiliaji wa mambo ya watu katika safu moja na mwuaji na mwizi. Neno la Kiyunani lililotumika pale lina maana ya mwangalizi wa mambo ya wengine, na ndani yake mna shina lile lile ambalo, kwa njia ya Kiarabu, limetufikia sisi katika jina la askofu.

Lakini kitabu kile kile cha Nawawi, hadithi yake ya 34 inamwamuru aliyeona uovu auondoe kwa mkono wake, akishindwa kwa ulimi wake, na akishindwa basi auchukie moyoni. Hadithi hizi mbili hazigombani. Dhuluma haimo katika yasiyokuhusu. Na hili Waarabu wa Makka walilijua hata kabla ya Uislamu, pale mfanyabiashara kutoka Zabid, nchi ya Yemen, alipouza bidhaa zake kwa mkubwa mmoja wa mji, Al-As bin Wail, akanyimwa thamani yake, akawa hana jamaa wala kabila la kumtetea. Watu wa koo kadhaa wakakusanyika katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na mdhulumiwa mpaka apewe haki yake, awe mwenyeji ama mgeni. Naye Muhammad, wakati huo kijana ambaye hajapewa utume, alihudhuria, na baadaye, alipokwisha kupewa utume, alisema kwamba lau angeitwa kwenye mapatano kama yale hata sasa angeitika. Mapatano yale yaitwa Hilf al-Fudhul. Wapo wasimulizi wasemao kuwa jina hilo lilitoka kwa Makureshi wenyewe, waliosema kwamba watu hawa wamejitia katika jambo la ziada, yaani la kiherehere. Basi tazameni: lile lililokusudiwa kuwa shutuma limebaki katika tarikhi kuwa jina la sifa, na mwenye mali aliyedhulumu anakumbukwa kwa dhuluma yake.

Mwalimu wa Juja anayemwona mtoto akija darasani na alama za waya mgongoni, akauliza, hana kiherehere. Jirani anayesikia usiku kilio cha mwanamke katika chumba cha tatu, akagonga ukuta, kisha akagonga mlango, hana kiherehere. Katika nchi yetu iko namba ya simu ya bure, 116, iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti mateso ya watoto. Na nyingine, 1195, ya wanaodhulumiwa majumbani. Na serikali ilipoueneza mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013, kwa kuiga desturi ya Tanzania iliyokwisha kuwa na mabalozi wa nyumba kumi tangu miaka ya 1960, ilikuwa inawataka wananchi wafanye lile ambalo mtaani wanalikemea, yaani kumjua aliye jirani na kuuliza habari zake. Mtu akiogopa neno kuliko anavyoogopea uhai wa mtoto, neno hilo limepewa nguvu isiyo haki yake, na sisi tunaolitumia ovyo ndio tuliolipa nguvu hiyo.

Namalizia na jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba mwingiliaji ametajwa hata katika sheria za Kenya. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyotungwa mwaka 1972 na kuanza kutumika Julai 1981, inakataza katika kifungu cha 45 mtu yeyote kuishika, kuiuza ama kuiingilia kwa njia yoyote mali ya aliyefariki, pasipo idhini ya sheria ama ya hati ya usimamizi itolewayo na mahakama. Na anayefanya hivyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, ama kufungwa muda usiozidi mwaka 1, ama yote mawili, juu ya kutakiwa kutoa hesabu ya alichokitwaa. Watu wa Thika na Ruiru wanayajua matendo haya hata kama hawajui kifungu chake. Mzee hajazikwa, kufuli jipya limekwisha tiwa katika mlango wa duka lake. Kodi ya vyumba imekwisha kukusanywa na mpwa ambaye hakutumwa na mtu. Malipo ya kahawa ya msimu uliopita yameulizwa katika chama cha ushirika na watu watatu tofauti, kila mmoja akijiita msimamizi. Na mjane, anapouliza, ndiye aambiwaye kwamba huu si wakati wa kiherehere.

Mjane huyo, ama mtoto wake, ama ndugu yeyote aliye na haki katika mali ile, sheria hiyo hiyo imemwekea mlango. Kifungu cha 46 kinampa ruhusa ya kumwendea chifu wa mahali alipokaa marehemu, na chifu akishaombwa ni wajibu wake kufika nyumbani pale na kuilinda mali iliyopo isipotee. Na ikiwa kuna kitu kisichoweza kungoja, ng'ombe wanaohitaji kukamuliwa, mahindi yaliyokauka shambani, wapangaji ambao hawajui wamlipe nani, mahakama ya Thika inaweza kuombwa itoe hati ya usimamizi wa muda, ambayo mwenye kupewa hana uwezo wa kugawa wala wa kuuza kwa faida yake. Kazi yake ni kukusanya, kuhifadhi na kuandika hesabu, mpaka warithi wote watakapoitwa wakasikizwa.